Mwaka wa Balbu ya Breki

Tulimzika Shangazi Benedikta pale Mlimba, mvua ikinyesha juu ya miavuli na majani ya migomba, na jioni nikapewa kulala kwenye chumba kilekile nilichokaa mwaka ule nikisubiri matokeo ya kidato cha nne. Kitanda kilikuwa kimebadilishwa. Dirisha halikubadilishwa, wala ule ukuta mwembamba wa mbao unaotenganisha chumba na sebule, ambao mtu akikohoa upande wa pili unadhani amekoholea sikioni kwako. Sebuleni wanawake walikuwa wakibishana kama wali wa matanga upikwe mara moja au mara mbili, na mmoja wao akasema, "Benedikta angekuwepo tungekuwa tumeshakula." Wote wakacheka. Nikakaa kitandani na viatu vyangu vya tope, nikagundua miguu yangu inacheza yenyewe, visigino vikigonga sakafu, kama ilivyokuwa ikicheza nilipokuwa binti wa miaka kumi na minane. Nimefanya kazi ya umeme muda mrefu. Nimesimama chini ya transfoma kubwa kuliko nyumba, na watu huniita mtulivu. Hawakuniona Mlimba.

Kwa nini nilikaa kwa shangazi na si kwa wazazi wangu, hilo halina nafasi hapa. Nilikuwa nimemaliza mtihani, nimerudisha sare, na sikuwa na kitu cha kufanya zaidi ya kusubiri. Shangazi alikuwa nesi mkunga wa zahanati ndogo ya misheni, hatua chache kutoka nyumbani. Asubuhi nilipika uji, nikafagia ua, nikachemsha vifaa vyake, na saa nne nilikuwa nimeshamaliza kila kitu. Basi natembea kwenda stesheni kuangalia kama treni imekuja, narudi, natembea tena. Mji mzima ulikuwa hivyo mwaka ule. Kule milimani walikuwa wanajenga bwawa la umeme, na kila kijana wa bondeni alikuwa ama anaondoka kwenda kutafuta kibarua, ama amerudi na koti la mpira kueleza alichoona. Wageni wa shangazi waliokuwa wakisubiri treni walilala sebuleni, na usiku nilisikiliza maneno yao kupitia mbao zile: nani amepata kazi, nani ameoa huko, mchele wa Mngeta umepanda, Wasukuma wameingia na ng'ombe mpaka kingo za mto. Kila mtu alikuwa anakwenda mahali. Mimi nilikuwa nalala na kuamka.

Kitu kimoja tu cha shule kilikuwa bado kinaniwasha, nacho ni fizikia. Shule yetu haikuwa na vifaa. Mita za umeme tulizichora kwa bikari, duara lenye herufi A na duara lenye herufi V, na majaribio tuliyaandika kama vile tumeyafanya. Tulijua kugawa volti kwa ampia tupate ukinzani, tukajua kuzidisha volti kwa ampia tupate wati, na kanuni yenyewe tuliiimba wote kwa pamoja mpaka mwisho wake: ilimradi jotoridi halibadiliki. Hakuna aliyeuliza maneno hayo ya mwisho yanafanya kazi gani pale. Tuliyaona kama amina mwishoni mwa sala.

Ndiyo maana nilianza kukaa kwa Otmari. Otmari Likwata alikuwa kijana wa Kindamba, mrefu, mwenye makovu ya asidi kwenye suruali, aliyechaji betri za watu kwa jenereta nyuma ya soko. Chumba chake kilinuka asidi na dizeli, na mama yake alimletea kambale wa kuchoma na ubwabwa kwenye sufuria yenye kifuniko cha sufuria nyingine, tukala sote watatu kwa mikono huku jenereta ikinguruma hadi maneno yanapotea. Alikuwa na mita ya kweli, ile ya sindano, aliyoifunga kwa kitambaa cha flaneli. Siku ya kwanza aliponiruhusu kuishika nilipima betri moja nikaona sindano inapanda mpaka kumi na mbili na kitu kidogo, nikacheka kwa sauti.

"Unacheka nini?" akauliza.

"Nilikuwa sijaamini."

"Mmesoma miaka minne, hamjaamini?"

"Tulikuwa tunaambiwa tu."

Naye alicheka. Yeye alijua betri kwa mkono na kwa pua, lakini hesabu hakuwahi kuzihitaji, akasema wazi kwamba angependa kuzijua. Basi tukawa tunabadilishana. Mimi nilimwandikia chaki ukutani, yeye alinionyesha jinsi ya kubana waya bila kutoa cheche. Shangazi alisikia habari hizo sokoni kabla sijamwambia, akaniuliza mezani, bila kuinua uso kutoka kwenye sahani ya mlenda, "Huyo Otmari ana nia gani?" Nikasema tunafanya fizikia. "Haya," akasema, "fizikia."

Kisha mvua zikaja kweli. Mto ulipanda, barabara ya kwenda Ifakara ikakatika, na siku ileile tuliambiwa kwamba tuta la reli limeliwa na maji mahali fulani na treni haitafika mpaka litengenezwe. Katika hali hiyo ndipo alipoletwa Kabula akiwa na uchungu wa uzazi. Mumewe, Masanja, alimleta kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka kambi yao huko bondeni, wakiwa na mama mzazi wa Masanja, bibi mwembamba mwenye bangili nyingi za shaba asiyejua Kiswahili kingi. Kabula hakuwa amefikisha miezi. Alijifungua mapacha kabla ya adhuhuri, wa kiume wote wawili, wadogo hivi kwamba nilipoitwa kushika beseni nilidhani bado sijaonyeshwa mtoto. Kulwa, aliyetangulia kuzaliwa, hakuona jioni. Shangazi aliwazungushia chupa za maji ya moto kama alivyofundishwa, chupa zikapoa, zikajazwa, zikapoa, na Kulwa akapoa nazo. Shangazi alimfunika uso, akatoka nje, akasimama kwenye mvua bila mwavuli. Niliposogea karibu alisema, si kwangu hasa, "Huyu wa pili ana nguvu ya kunyonya. Anachokosa ni joto tu."

Mama yake hakuweza kumpa. Kabula alikuwa amepoteza damu nyingi, na asubuhi yake homa ikaanza. Alitetemeka hata kitanda kikagonga ukuta. Mtoto, Doto, alifungwa kwa khanga kifuani kwa bibi, ngozi kwa ngozi, bibi alipochoka akahamia kwa shangazi, na shangazi akafanya kazi zake zote akiwa amebeba ule uzito usio na uzito chini ya gauni jeupe. Lakini nesi alikuwa yeye peke yake, wagonjwa walikuwa kwenye mabenchi, na bibi naye alianza kukohoa. Nikamwambia shangazi kwamba kule mijini watoto kama hawa wanawekwa kwenye kisanduku chenye joto la umeme, na kwamba naweza kukitengeneza. Nilisema "naweza" kabla sijafikiri. Alinitazama, mkono ukiwa juu ya mgongo wa mtoto.

"Umeme wa wapi, Frasia?"

"Wa betri."

"Ukimchoma?"

"Hatawekwa mpaka upime mwenyewe ukubali."

"Nenda basi. Usisimame hapo."

Sanduku tulipata: kreti la dawa la mbao, tukalivika magodoro ya zamani pande zote, tukaweka sakafu ya pili juu yenye matundu ili joto lipande kutoka chini. Otmari aliacha wateja wake, akafunga taa kubwa ya mbele ya gari, ndiyo iliyokuwa karibu. Ndani tukaweka chupa ya maji badala ya mtoto, pamoja na kipimajoto cha friji ya chanjo, ile ya mafuta ya taa. Joto likapanda, likapita thelathini na saba, likafika arobaini, likaendelea. Tulifungua kifuniko kupunguza, likashuka mno, tukafunga, likapanda tena, na kabla jioni haijaingia betri ikawa imekwisha, taa ikabaki na rangi ya chungwa kama ganda la embe. Otmari alipiga teke mguu wa meza. Masanja, aliyekuwa amesimama mlangoni mchana kutwa na fimbo yake, aliitazama taa ile mpaka ikazimika. Aligeuka akaenda kukaa na mkewe.

Asubuhi nilimkuta Otmari ameshapata balbu ndogo ya breki, ile ya lori. Ilikuwa imechapwa ishirini na moja kwenye shaba yake. Niliandika ukutani kwa haraka, chaki ikikatika: wati ishirini na moja kwa volti kumi na mbili ni ampia moja na robo tatu. Betri yetu ilikuwa imechapwa sitini, yaani ampia moja kwa saa sitini. Hata tukiihesabu nusu kwa uzee wake, itawasha balbu hii kwa saa kumi na saba hivi, na betri mbili zikipokezana hatutazimika kamwe. Otmari hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameshika balbu kwa ncha mbili za mita yake, anapima ukinzani, na uso wake ulibadilika.

"Inasoma nusu omu na kidogo," akasema. "Gawa."

Nikagawa. Kumi na mbili kwa nusu na kidogo: ampia ishirini. Nikafuta, nikagawa tena. Ishirini.

"Ampia ishirini inamaliza betri kabla ya chakula cha mchana," akasema. "Na mita yangu mwisho wake ni kumi. Siiweki hapo, Frasia. Itaungua, na mita nyingine hapa Mlimba hakuna."

"Imeandikwa ishirini na moja. Waliotengeneza hawakuota."

"Na mita inaota?"

Hapo tukaanza kugombana, na sasa nikikumbuka naona kwamba sote wawili tulikuwa na hofu ya jambo lilelile. Nilijua hesabu yangu ni sahihi na nikaona kwa macho yangu kwamba si sahihi. Nilihisi kama mtu aliyesomeshwa uongo kwa miaka minne, tena kwa kuimbishwa. Mama yake Otmari alikuja na chai, akatukuta tunapiga kelele juu ya jenereta iliyozimwa, akaweka chai chini akaondoka. Nilikwenda mpaka mlangoni, nikarudi. Nikaenda tena. Ndipo nikaona, kwenye rundo la vyuma, mita ya trekta, ile inayoonyesha chaji, yenye namba mpaka thelathini.

"Hii haiwezi kuungua," nikasema.

Tuliiunga kati ya betri na balbu. Otmari akagusisha waya. Sindano iliruka kama iliyochomwa, juu kabisa, na kabla hatujasema lolote ikarudi chini, ikatulia ikikaribia mbili. Balbu ilikuwa inawaka. Akatoa waya, akangoja balbu ipoe, akagusisha tena. Ikaruka, ikarudi. Alinitazama. Nami nilikuwa natazama ukutani, si kwamba nasoma, nasikia tu darasa zima likiimba: ilimradi jotoridi halibadiliki. Lakini lilikuwa limebadilika! Waya ule mdogo ndani ya kioo, ukiwa baridi, unapitisha umeme kama mlango wazi. Ukiwaka unabana. Kuupima ukiwa baridi ni sawa na kumpima mbio mtu aliyelala. Unapaswa kuuacha ufanye kazi yake, kisha upime volti na upime ampia, ugawe. Sasa Otmari akakubali kutoa mita yake kwenye flaneli. Volti kumi na mbili kasoro. Ampia moja nukta saba. Ukinzani ukawa omu saba, zaidi ya mara kumi ya ule wa baridi, na nguvu wati ishirini. Niliandika kila namba ukutani. Otmari alizisoma zote kwa sauti, polepole, kisha akasema, "Kumbe wote tulikuwa tunasema kweli."

Ile balbu moja, ndani ya kreti, ilifikisha joto mahali shangazi alipopataka, ikakaa hapo. Alitia mkono wake mwenyewe, akangoja, akatazama kipimajoto, akatoka kuhudumia mtu, akarudi akatazama tena. Saa sita mchana alisema sawa. Lakini bibi alimkumbatia mtoto akarudi nyuma mpaka ukutani. Alisema maneno mengi ya Kisukuma, na Masanja akatafsiri kwa aibu.

"Mama anasema umeme unaua. Aliona fundi amekufa juu ya nguzo kule Mwanza."

Sikuwa na maneno ya kumweleza bibi habari za volti. Nilifuta mikono yangu kwenye sketi, nikashika ncha zote mbili za betri, moja kwa kila mkono, nikamtazama machoni. Alisubiri nianguke. Sikuanguka. Otmari naye akashika. Masanja akaweka fimbo chini, akashika kwa nguvu sana, macho ameyafumba, halafu akayafumbua akaanza kucheka, mara ya kwanza tangu aje. Ngozi kavu ya binadamu inabana umeme kwa maelfu na maelfu ya omu. Volti kumi na mbili haziwezi kupita kiasi cha kudhuru. Hilo nililijua kwa hesabu, lakini nakiri kwamba niliifuta mikono ile mara mbili kabla ya kugusa. Bibi alikuja, akagusa kidole kimoja, akasema, "Mayu!", yaani mama wee kwa lugha yake, kisha akamtoa Doto kifuani mwake akampa shangazi.

Siku zilizofuata sikutembea kwenda stesheni. Niliamka, nikapima, nikaandika chaki mlangoni. Masanja alibeba betri begani kwenda na kurudi kwa Otmari kwenye tope, iliyochoka akiipeleka na iliyojaa akiileta, na njiani watu walimuuliza mtoto anaendeleaje wakataka kumsaidia kubeba, akakataa. Wenye betri zao kwa Otmari waliambiwa wangoje, wakangoja. Kabula alichomwa sindano zote za homa zilizokuwa kabatini, na nilimsikia shangazi akiomba peke yake katika chumba cha dawa, kwa sauti ya mtu anayegombana. Doto alilishwa maziwa ya mama yake kwa kijiko, tone kwa tone. Siku moja ngozi yake ilikuwa ya bluu kidogo midomoni, na nilikimbia nikidhani balbu imekufa. Balbu ilikuwa inawaka. Shangazi alimgonga nyayo, akampuliza, akamsugua mpaka akalia. Nilikaa sakafuni nikajua kwamba kuna mahali hesabu yangu inaishia, na pale ndipo kazi ya shangazi inaanzia. Yeye hakuwa na muda wa kukaa sakafuni.

Homa ya Kabula ilivunjika asubuhi moja ya jua. Aliomba uji, akala, akaomba tena. Kisha akamwomba mtoto. Shangazi alimfungia Doto kifuani, na Kabula akaangalia dari bila kusogea hata kidole, machozi yakienda masikioni. Akauliza, "Na Kulwa?" Alikuwa ameshaambiwa, ila homa ilimsahaulisha. Bibi ndiye aliyemjibu, kwa lugha yao, taratibu, na sisi wengine tukatoka nje. Otmari alikuja na betri iliyojaa, nikamwambia airudishe. Sikujua la kufanya na mikono yangu.

Treni zilianza tena, na treni ya kwanza ilileta matokeo. Nilikuwa nimepata daraja la tatu, na baadaye barua ikasema nimechaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Shangazi alichinja jogoo. Alizunguka nyumba nzima akiwaambia wageni, mwalimu, mwalimu, na mimi nilikula paja la kuku lile kama nakula pamba. Nilipomwambia kwamba nataka kwenda kusoma umeme, aliweka sahani chini.

"Umechaguliwa na serikali unakataa? Kwenda wapi? Chuo gani kimekuita?"

"Hakijaniita. Nitakwenda kuuliza."

"Utauliza! Mtoto wa kike atakwenda Dar es Salaam kuuliza!"

"Shangazi, uliniona na kisanduku."

"Nilikuona. Na ulifanya vizuri. Sasa ufundishe wengine, upate nyumba, upate mshahara, utulie." Sauti yake ilivunjika kwenye neno hilo la mwisho. "Kutulia kuna ubaya gani?"

Nilibeba sahani nikaenda kuziosha. Otmari alikuwa ameshaniambia, siku mbili kabla ya yeye mwenyewe kwenda bwawani, kwamba ningebaki tungefungua karakana yetu, na nilimtazama nikaona kwamba anasema kweli na kwamba ningeweza kuwa na furaha pale. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Aliondoka na koti la mpira. Baadaye alioa huko huko, na mara ya mwisho kumwona alikuwa na mvi na wajukuu wawili mgongoni.

Basi nilipanda treni na tiketi ya Ifakara. Ilikuwa imepangwa kwamba baba mdogo Kasiani anipokee stesheni, anipeleke chuoni kesho yake. Bondeni mpunga ulikuwa umeshaanza kukatwa, maji yamerudi mtoni, na katika behewa watu walikula mahindi ya kuchemsha na kusimuliana habari za bwawa. Nilishika kiti kwa mikono miwili. Treni iliposimama nilimwona baba mdogo kwenye umati, shati lake jeupe la kanisani, baiskeli ubavuni, na juu ya baiskeli godoro jipya la sponji lililokunjwa likafungwa kwa kamba, analotaka nilalie chuoni. Alikuwa anatafuta dirisha kwa dirisha. Nilifungua langu nikatoa kichwa.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Shuka, haikai sana hii."

"Sishuki."

"Unasemaje?"

"Naenda Dar es Salaam. Nakwenda kusoma umeme."

Alifungua mdomo. Watu waliokuwa wakishuka walimpita na mizigo wakimsukuma huku na huku, naye hakuwaona.

"Utafikia kwa nani?"

"Sijui bado."

Filimbi ikalia. Nilimwona anatazama nyuma, kama anayetafuta mtu wa kumshauri, kisha ananitazama mimi, na mabehewa yakashtuka, yakaanza kusogea. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake aliiachia baiskeli ikaanguka, akakata kamba kwa meno, akakimbia sambamba na dirisha langu, godoro kifuani kama mtu amekumbatia mtu, akaanza kulisukuma ndani. Halikupita. "Vuta!" akasema. "Vuta basi, nawe!" Abiria wawili waliniruka wakashika pembe, tukavuta, yeye akasukuma kwa kichwa na mabega, na mwishowe likaingia lote kwa mara moja likatuangusha chini. Nilipoinuka kwenye dirisha, stesheni ilikuwa imeshabaki nyuma, na baba mdogo alikuwa amesimama ukingoni mwa reli, mikono kiunoni, anahema.